Mwanamke Anayemwonjea Jenerali

Ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, barua unaisoma kwa jicho moja na la pili liko kwenye sufuria. Keti kwanza. Goti linaendeleaje? Na ile homa ya mafua iliyokulaza mwaka jana, nguvu zimerudi zote au bado unachoka ikifika jioni? Mimi ni mzima kabisa. Kinachonisumbua ni joto la tanuri la hawa waoka mikate wa chini, linapanda mpaka kitandani kwangu. Mchumba bado, kwa hiyo hapo tuparuke.

Baba aliniambia unataka kujua ni wapi nakula vizuri huku mjini, ni chakula gani hakinitoki akilini, na kwa nini watu huurudia mkahawa mmoja wakaupita mwingine. Najua kwa nini unauliza. Mwezi ujao unafungua mkahawa wako katika kile chumba cha mbele. Cherehani umeshauza, meza zimeshafika, na umesema hutaki kukosea. Basi nimelifanyia kazi swali lako. Fundi wa majokofu huingia kila mkahawa kwa mlango wa nyuma na ni nadra kutoka na njaa. Majibu ninayo, mengine ya kuchekesha, na moja gumu linalokuhusu wewe na huo mkahawa. Ningepiga simu, ila simu utanikatia. Barua utaichana tu, kisha utaokota vipande uvisome.

Nianze na hoteli moja kubwa, ya vitambaa vyeupe mezani. Tulitengeneza mashine yao ya barafu, meneja akafurahi, akatukalisha mimi na mwenzangu kama wageni wa heshima. Ikaletwa sahani pana kama ungo, na katikati kipande cha samaki kadiri ya kiberiti. Mwenzangu akasubiri. Alidhani bado wanaleta. Nisiseme uongo, kile kipande kilikuwa kitamu mpaka nikafumba macho. Shida ni kwamba nilipoyafumbua kilikuwa kimeisha. Tulipotoka tulinunua mkate tukaula njiani.

Kuku wa kuokwa nimemla kwa bwana mmoja mnene aliye karibu na soko la vitabu. Ngozi ya kuku huyo inavunjika kama biskuti na nyama ya ndani inachuruzika maji. Nilimwuliza siri, akasema ni baraka tu za Mungu. Baraka gani, na mimi ndiye fundi wa jokofu lake? Nikafungua mlango nikawakuta kuku wamelala uchi usiku kucha, wamepakwa chumvi, hawajafunikwa chochote, ngozi ikauke kabla ya kuingia kwenye moto. Nimekuibia siri hiyo, itumie, usimwambie mtu.

Lakini chakula ninachokirudia kwa pesa yangu mwenyewe ni maharage ya mama mmoja nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Hana kibao nje wala menyu. Anapika maharage, anakata mkate, basi. Nilishangaa kwa nini wafanyakazi wa kiwandani wanapanga foleni kwake ilhali kantini yao ni ya bure. Siku moja nikakaa pembeni nimsikilize. Kila anayefika, kabla hajapakuliwa, anaulizwa ya jana yalikuwaje. Akijibiwa kwamba yalikuwa magumu kidogo, yule mama hakunji uso, anaitikia tu, na kesho yake yanaiva zaidi. Nikamwuliza kama hachoki kukosolewa. Akasema anayemkosoa humwona tena kesho. Anayesifu huku ameacha nusu sahani ndiye hamwoni tena.

Sasa nifike kwenye supu. Kama ungetaka chakula kimoja tu katika mji huu mzima, ningekutajia supu ya samaki ya Jenerali. Jenerali ni mpishi na mwenye mkahawa, na jina amelipata kwa sauti. Akiagiza vitunguu, hata wapita njia wanatamani kumletea. Supu yake ni nyepesi, ina ndimu kwa mbali, na kila kijiko kinakufanya utake kujua kijacho kina nini. Niliifikiria njia nzima mpaka nyumbani.

Niliitwa kwake kutengeneza chumba cha baridi. Nikiwa nimepiga magoti nyuma ya mashine, nikasikia jiko zima limenyamaza. Ameingia mwanamke wa makamo, amevaa vizuri, ameweka mkoba wake juu ya friza kama aliye kwao. Akanawa mikono, akanywa maji, akachukua kijiko, akaanza kupita sufuria moja baada ya nyingine. Kwa hii anasema hapana. Kwa ile anasema ndimu. Inayofuata, hapana tena. Na Jenerali, yule wa sauti, anamfuata nyuma kimya, anatia ndimu, anaongeza maji, anarekebisha. Alipomaliza akanawa tena, akachukua mkoba, akaondoka bila hata kuaga.

Unanijua mimi na mambo ya watu. Nilikaa na swali lile siku kadhaa. Nilifikiri ni mkaguzi wa afya, lakini mkaguzi haagizi ndimu. Nikafikiri ndiye mwenye nyumba, lakini mwenye nyumba angeuliza kodi. Nikajitungia sababu ya kurudi, eti kipimajoto chao sikiamini. Mwosha vyombo ndiye aliyenionea huruma. Akaniambia wao humwita Mama Hapana, na kwamba ni mtalaka wa Jenerali. Sasa ndiyo nikachanganyikiwa kabisa. Mtu ameachwa, amehamia mtaa mwingine, anafuata nini kwenye sufuria za aliyemwacha?

Jibu nililipata kwa bahati mbaya ya jokofu. Asubuhi moja waliniita mbiombio, jokofu la pembeni lilikuwa limezima na samaki waliokuwamo wameharibika. Nilipofungua mlango, mwosha vyombo alikimbilia uani, wapishi wakaziba pua kwa aproni, mimi mwenyewe machozi yakanitoka. Jenerali akaja, akaingiza kichwa chote ndani ya lile jokofu, akakaa humo kana kwamba anachagua shati kabatini. Kisha akatoa kichwa akaniuliza, taratibu kabisa, kama wameharibika au bado wanafaa.

Hanusi, Shangazi. Hanusi chochote. Tulipomaliza kumwaga vile vitu akanipa kiti na bakuli la supu, akanisimulia mwenyewe, maana ameshaona nimejua. Aliugua mafua makali, akapona, pua haikurudi. Na pua ikiondoka, chakula kinabaki kama pamba mdomoni. Akawa anatia chumvi ili angalau asikie kitu, kesho anatia zaidi. Aliwauliza wapishi wake, wote wakasema tamu, bosi. Wateja wakaanza kupungua, na yeye anawalaumu wateja. Siku moja mtalaka wake alipita kuchukua vitu vyake vya mwisho, akaonja mchuzi, akautema mbele ya watu wote. Jenerali anasema alitaka kumfukuza. Badala yake akamwomba arudi kesho.

Nikamwuliza kwa nini yeye, katika watu wote wa mji huu.

"Hawa wote nawalipa mshahara, watasema tamu," akanijibu. "Yule haniogopi. Tulishaachana, ataniacha mara ngapi?"

Walicheka wote jikoni, na mimi nikacheka. Kisha nikakukumbuka wewe, na kicheko kikaniishia.

Nilikumbuka likizo yangu ya mwisho. Vitunguu vilikuwa vinaungua nyuma yako, moshi umejaa jiko zima, nawe umesimama palepale unanisimulia habari za meza mpya. Nilizima jiko mimi, ukanigombeza kwamba nimezima kabla havijaiva. Nilidhani mazungumzo yamekunogea. Sasa nadhani hukusikia harufu.

Halafu nikakumbuka ule mchana uliotualika sote tuonje mchuzi wa kuku utakaouza. Baba alisema mtamu. Mjomba alisema mtamu. Mimi nikasema mtamu, na jagi la maji likawa linazunguka meza bila kupumzika. Mama peke yake aliweka kijiko chini akasema, wifi, chumvi imezidi. Ukamjibu kwamba alipoolewa katika ukoo huu hakujua hata kuchemsha maji, ukamfundisha wewe, na leo anataka kukufundisha chumvi. Tangu siku ile hamsalimiani. Nyumba zenu zimegawana uzio mmoja, na mnazungukia barabarani msikutane.

Sote tulilichukulia kuwa ni la mawifi. Wifi akisema chumvi imezidi, nani anaonja tena? Watu wanageuza shingo kusubiri jibu. Ila chumvi ilikuwa imezidi, Shangazi. Imezidi sana. Naandika hivi kwa sababu nakupenda, ingawa nakuogopa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe tulikusifu ukazidisha chumvi. Kama mkahawa ungefunguliwa kesho, watu wangekuja mara moja kwa heshima yako, wakasifu, wasirudi, nawe ungebaki na meza tupu bila kujua kosa ni nini. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, wala si joto la tanuri.

Usiniamini mimi. Fumba macho, mwambie mtu akuwekee puani kitunguu kilichokatwa, kisha kahawa, kisha sabuni ya kufulia. Ukivitaja vyote, niandikie barua ya matusi, nitaipokea kwa mikono miwili. Ukishindwa, usifiche. Nenda kwa daktari wa pua. Jenerali anasema wengine hurudiwa polepole. Yeye hakurudiwa, na kwenye mkahawa wake ikifika saa sita hupati kiti. Kwa hiyo usije ukafunga mkahawa ambao hujaufungua. Mikono unayo, akili unayo. Unachokosa ni mtu wa kukuonjea.

Na si kila mtu anafaa. Baba hafai, kaka yako yule hata ukimpa maji ya kuoshea sahani atasema dada amepika. Mjomba anakula huku anafikiria mpira. Mimi niko mbali, na mimi nilishakudanganya mara moja.

Juzi nilimpigia Mama. Habari za Jenerali sikumgusia, nilimwuliza tu kwa nini alisema vile mbele za watu.

"Mchuzi wa wifi naujua," akasema. "Ndio niliopokelewa nao siku naingia nyumba hii. Siku ile haukuwa wake, na hakuna aliyeshtuka."

Akaniambia pia kwamba mpaka leo anaupika vilevile ulivyomfundisha, hajabadilisha hata kitunguu, maana aliwahi kujaribu akaona anakuibia. Kisha akaanza kunipa habari za kuku wake, kwa sauti ya mtu aliyejutia kusema sana. Mimi nimekaa na maneno hayo tangu juzi. Wewe ndiye uliyemshika mkono ukamwonjesha kijiko kwa kijiko, ukamwambia hapa bado, hapa imetosha, miaka ile pua yako ilipokuwa nzima. Ulimi wa Mama ni wako, Shangazi. Uliuumba wewe jikoni kwako. Mchuzi wako wa zamani, ule wa kabla ya homa, hakuna mwingine anayeukumbuka kama yeye.

Nisalimie Baba, umwambie koti limenifikia na linanibana. Nisalimie Mjomba na mkewe. Nisalimie yule mshonaji aliyenunua cherehani yako, nasikia haijamzoea bado. Mdogo wangu mwambie asiguse redio yangu.

Mama sijamwandikia. Salamu zake nimeziweka humu, nakuomba umpelekee wewe mwenyewe, kupitia uani, usizunguke barabarani. Nenda na mchuzi ungali wa moto. Mpe kijiko kwanza, salamu baadaye.

Mungu akulinde, aibariki mikono yako, na akupe subira ya kusikia neno hapana.

Wako akupendaye,
binti wa kaka yako, na wa wifi yako.