Baba Yangu wa Ubatizo Amefuta Hatua ya Nne

Mama Valérie mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu na naogopa hata kupokea simu, lakini kwa kuandika siogopi, ndiyo maana watu wanaotengeneza programu moja ya bure ya kuandika orodha wamenipa niutunze mwongozo wake wa Kiswahili, yaani mtu yeyote anaweza kunitumia taarifa ya kosa au sahihisho, na mimi ndiye ninayekubali au kukataa, na tatizo ni kwamba sijawahi kukataa. Anayetuma zaidi ni Tata Nkongolo, parrain wangu, aliyenishika siku ya ubatizo, alikuwa karani mgodini miaka thelathini, na anasema mwongozo usiosalimia hauna adabu, basi kila ukurasa sasa unaanza kwa kumwuliza msomaji habari za nyumbani, hilo halikumdhuru mtu, lakini mwezi uliopita alifuta hatua ya nne, ile ya kuhifadhi, akaeleza kwamba "mwenye akili anajua," na Jumapili mbele ya kanisa akaniuliza, "Abigaëlle, kazi yangu uliiona? Iko muzuri?" nikasema, "Iko muzuri, tata," nikarudi nyumbani nikaikubali.

Sasa Djamila, simjui kwa sura, anapokea mizigo ya basi la baba yake hapa Kolwezi, ameandika mara tatu. Ya mwisho inasema: "Mi nilifuata yote, liste imepotea tena. Batu ya mizigo beko bananingoja. Weye unaandikia banani?" Sijamjibu. Jumamosi toleo jipya linatoka, na wasafirishaji wengine watalichapisha kwenye karatasi. Je, nimwachie mtu mwingine kazi hii?

Abigaëlle, Manika

Abigaëlle mutoto wangu,

Weka gazeti chini, rudisha hatua ya nne, kisha uendelee kusoma.

Umerudisha? Vizuri. Nakuelewa. Mimi nina wajukuu, na mbele ya parrain wangu bado siketi kabla hajaketi. Lakini wewe unamheshimu Tata Nkongolo kwa orodha za Djamila, na mwenye orodha hakuombwa ruhusa.

Usiache kazi. Atakayekuja baada yako atamkuta tata palepale.

Alhamisi nenda kwake na ukurasa kama alivyouandika yeye. Usimwambie amekosea. Mwombe aandike majina ya wanakwaya wa kanisa lenu kwa kuufuata neno kwa neno, aifunge programu, aifungue tena. Wewe nyamaza, hilo unaliweza. Asiposhawishika, akalituma tena sahihisho lake, sema, "Tata, hili sitalipokea," ulikatae hapohapo, kisha unywe chai yake kama kawaida. Salamu zake zibaki, lakini ukurasa wa kwanza tu.

Hayo ni ya Alhamisi. Leo mwandikie Djamila, palepale alipoandika, wote waone: kosa lilikuwa langu, hatua imerudi, tafadhali jaribu tena. Na taarifa yake usiifunge kuwa imekwisha mpaka yeye mwenyewe aseme orodha imebaki.