Wafunge Vishungi

Kizwite, Jumanne

Mpaka sasa sielewi kosa langu liko wapi. Asubuhi Mama Flora, mwenye kuku, aliniambia akiwa anatoka, "Yohana, leo wafunge vishungi." Hao kuku wake wenye shungi la manyoya kichwani hapa wote tunawaita vishungi. Nikawafunga. Niliwaingiza bandani, nikakomea mlango.

Kumbe alitaka nifunge lile shungi la kila mmoja kwa uzi, lisiwazibe macho. Mimi kwetu Kasulu sijawahi kuona kuku anayesukwa.

Kwa kubanana mle ndani wamenyonyoana. Jogoo wa kuuza, aliyetoka Zambia baada ya masharti ya mpakani kulegezwa, amebaki na upara wenye damu.

"Nilikuambia nini?"

"Niwafunge vishungi, Mama."

"Sasa?"

"Nimewafunga."

Mgeni aliyekuja kumnunua jogoo alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka.

Nikafunga mashungi yaliyobaki. Ajabu, tetea anayekula kiganjani mwangu siku zote, alipoanza kuona vizuri alinitazama usoni, akapiga kelele na kukimbia. Sijui nina sura gani.

Kazi hii ikinitoka, kurudi kwa mama watoto mikono mitupu...

Nilipoaga, Mama Flora alisema, "Kesho uje na begi lako." Ananifukuza, anipandishe basi la kwetu? Au ndiyo ananipa kile chumba cha uani alichowahi kukitaja?

Nami badala ya kuuliza nikajibu, "Sawa, Mama."