Mke wa Nani kwa Mujibu wa Marko

Jikoni, Shady Fork, Alabama
Jumatatu, 6 Machi 2023

Mpendwa Mama Darla,

Salamu nyingi kutoka jikoni zikufikie huko sebuleni. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Hofu ni kwako wewe uliye mbali nami, upande wa pili wa mlango.

Tumekatazana kuzungumza habari za kanisa mezani, na ni haki, maana mara ya mwisho presha yako ilipanda na bakuli la bamia likashuka. Ndiyo maana naandika. Barua nitaiweka chini ya kopo la sukari. Ukijibu, weka hapohapo.

Kwanza ujue kwamba katika wilaya hii nzima mume asiye na wivu ni mmoja tu, mimi Verbon Stallings. Uliza yeyote.

Haya, usiulize. Tangu niandike maneno hayo nimekwenda dirishani mara mbili kutazama kama pikapu ya Delmas Pruitt imepita. Ni uongo, lakini kalamu ni ya wino, sifuti.

Ninyi mlipopiga kura ya kumwacha askofu mlibaki na jengo, kengele na viti vyenye mito. Sisi tuliobaki kwa askofu tunasali kituo cha zimamoto. Jana king'ora kililia katikati ya Sala ya Bwana, wanaume wengine wote wakarukia gari wakaenda kuzima banda la mtu. Tukabaki mchungaji, mimi, na wajane wawili. Sikulalamika. Ninacholalamikia ni Jumanne.

Kila Jumanne unavaa gauni la bluu uende darasa la Biblia la Delmas. Mtu mgane, ana meno mapya, anafundisha amesimama mkono mmoja mfukoni kama anapigwa picha. Na unajipaka marashi. Marashi yale nilinunua mimi, Mama Darla. Delmas anayanusa bure.

Mumeo,
Baba Darla


Sebuleni
Jumanne, 7 Machi

Baba Darla,

Huku sebuleni hatujambo, tunashukuru. Goti lako pole, lipake ile dawa ya ng'ombe unayoiamini.

Marashi najipaka ili watu wasinuse kuku wako. Hilo limekwisha.

Sasa nisikilize. Siendi kusikia Delmas kasema nini. Naenda kusikia Mungu kasema nini. Mimi sipendi ugomvi huu, nimelia kwa ajili yake na wewe uliniona. Lakini wakubwa wa kanisa wanapotaka kufungisha ndoa mwanamume na mwanamume, na Kitabu kinasema vingine, mtu lazima aseme yuko wapi. Kama kila mmoja atachagua mstari wa kutii, basi Biblia imekuwa meza ya karamu ya kanisa, unapita na sahani, unachota pudini, maharage unamwachia mwenzio.

Na wewe usijifanye una msimamo. Siku ya kura Delmas ndiye alikuwa wa kwanza kusimama upande wa kuondoka, ndipo wewe ukakaa. Angekaa yeye, ungesimama wewe, goti au bila goti.

Halafu unaniuliza mimi habari za gauni! Yule mchungaji wenu wa kike, Leigh Ann, anapokuletea pudini ya ndizi, ni nani anayecheka mpaka meno ya bandia yanacheza? Nilipita na gari, nikaona.

Chakula kiko kwenye oveni.

Mkeo,
Mama Darla


Jikoni
Alhamisi, 9 Machi

Mpendwa wangu wa sebuleni,

Nimepokea barua yako nikafurahi sana, hasa pale kwenye pudini. Kumbe na wewe unao! Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma Zaburi.

Nami nina swali kwa mwalimu wako. Mimi niliacha shule darasa la nane, sijui mengi, lakini juzi nilifungua Marko nikitafuta miwani yangu, na sura ya kumi ikanitazama. Bwana anasema pale kwamba mwanamke akimwacha mumewe akaolewa na mwingine, huo ni uzinzi. Hakuna kona, hakuna uchochoro. Si Paulo, si Musa. Ni Yesu mwenyewe.

Sasa wewe ulikuwa mke wa Royce Tidwell kabla yangu. Royce bado anapumua, yuko Dothan. Wewe ndiye uliyefunga sanduku ukamwacha. Kwa mujibu wa Marko, miaka hamsini na moja yote hii nimekaa na mke wa Royce, nikizaa naye na kugombana naye juu ya thamostati ya kupasha nyumba joto.

Muulize Delmas, mbele ya darasa. Ama yote yasimama, ama tunachota pudini. Nataka usikie atakavyokohoa.

Mumeo (au sivyo?),
Baba Darla


Jikoni
Ijumaa, 17 Machi

Mama Darla,

Salamu. Sijui zikufikie wapi.

Jumanne ulirudi kutoka darasani, ukalala chumba cha cherehani. Nikasema amechoka. Jumatano nilipotoka kuwalisha kuku, gari halikuwepo. Darla anasema uko Troy kwa dada yako Wynelle, na kwamba nisipige simu. Niliuliza kwa nini. Akasema, "Baba, unajua ulichofanya." Sijui! Nilichofanya ni kuuliza swali la Biblia, jambo ambalo mke wangu ameniomba nifanye tangu enzi za Nixon.

Barua yangu ya Alhamisi bado iko chini ya kopo. Imeshika sukari. Hii naituma kwa posta.

Mumeo,
Verbon


Troy
Jumapili, 19 Machi

Verbon,

Mimi ni mzima. Wynelle anakusalimu, kwa shingo upande.

Nilimwuliza Delmas. Hakukohoa. Alicheka, akasema, "Dada Oleta, hilo halikuhusu wewe. Wewe ni mama mwema, Bwana anaujua moyo wako." Darasa zima wakaitikia amina, Lurleen aliyeketi pembeni yangu akanishika bega. Nikakaa chini.

Nilipofika kwenye gari nilimfungua Marko tena palepale kwenye usukani. Kama mimi halinihusu, linamhusu nani? Mimi ndiye mwanamke yule. Mathayo ameacha nafasi kwa aliyesalitiwa, lakini Royce hakunisaliti. Hakunipiga, hakulewa. Alikaa kimya tu. Msimu wa baridi mzima alikaa kimya, nikachukua sanduku na redio yake nikaondoka, na majira ya joto nikakukuta wewe huwezi kunyamaza hata ukitafuna. Hakuna mlango wangu pale, Verbon. Nimetafuta.

Najua ulikuwa unatania. Wewe hutania hata mazishini. Lakini mimi Kitabu hiki nimekiamini kwa dhati, na sikuamini ili kiwakate watu wengine tu. Nimekuja huku kusoma peke yangu, bila Delmas na bila wewe. Nataka kujua ni mke wa nani.

Usinifuate. Friza imejaa, nimeandika juu ya kila kopo.

Oleta


Shady Fork
Jumatano, 22 Machi

Mpendwa Mama Darla,

Kuku wazima, mbwa mzima, mimi wa hivyohivyo.

Umesaini "Oleta" tu. Hata kampuni ya umeme hunisalimu zaidi ya hapo.

Nakula vya kwenye friza. Leo nimekula kopo ulilobandika jina la Lurleen, kumbe ni chakula cha kumpelekea mfiwa fulani. Mpe Lurleen pole zangu.

Jana nilikwenda kwa Delmas. Usishtuke, sikumpiga, ingawa niliegesha vibaya makusudi, juu ya maua yake. Alikuwa kibarazani.

Nikamwambia, "Delmas, umemfanya nini mke wangu?"

Akasema, "Mimi? Nimemfariji! Nimemwambia halimhusu!"

"Ndiyo ubaya wenyewe, bwana! Hakuja kwako kufarijiwa. Mwambie linamhusu."

"Verbon, nikimwambia linamhusu, ina maana si mke wako."

"Basi mwambie linamhusu, halafu mwambie arudi nyumbani."

"Siwezi kusema yote mawili."

"Sasa wewe mwalimu wa nini? Mimi wa darasa la nane nimeyasema yote mawili kwa pumzi moja!"

Akaniletea chai ya baridi, nikainywa ili nimalize sukari yake. Halafu akasema darasa la jana lilipoa bila wewe, hakuna mtu anayesoma kwa sauti kama wewe. Hapo wivu ukanipanda. Sauti hiyo naijua mimi. Umenisomea kila jioni tangu Darla yuko tumboni, nikijifanya nimesinzia ili usiache. Biblia yote ninayoijua imeingia kwa mdomo wako. Na Jumanne zote hizi ulikuwa unamsomea Delmas Pruitt, naye macho wazi!

Nimemwuliza na mchungaji Leigh Ann. Alisema maneno mazuri kuhusu rehema, marefu, nikamwambia mke wangu hatakubali hayo. Akasema, "Basi mwambie yako, Mzee Verbon." Yangu ndiyo haya. Kama tumezini, tumezini mchana kweupe, na watoto watatu, na rehani ya nyumba, na picha ukutani. Siku ya kuulizwa nitasimama nawe. Nitasema huyu si wa Royce. Wakisema Marko, nitasema nimemsoma, nitasema nimekosa, lakini mkono wako siuachii. Wanipeleke motoni nimeushika.

Sitaki urudi kwa sababu nimeshinda. Naogopa kwamba Kitabu kitashinda. Royce nilimwonea wivu nikiwa kijana, nikadhani nimepona. Leo namwonea wivu mzee asiyeweza kufunga kamba za viatu, kwa sababu ana mstari mmoja upande wake.

Mumeo, hata ikibidi nikate rufaa,
Baba Darla


Troy
Jumatatu, 3 Aprili

Baba Darla,

Natumaini hujambo na kwamba umekula kitu chenye rangi ya kijani. Sisi wazima.

Barua yako Wynelle aliisoma kabla yangu, ndiyo maana imechelewa. Anasema wewe ni mjinga, lakini alisema polepole.

Nilimpigia simu Royce. Muuguzi alimshikia. Nikamwambia, "Royce, ni Oleta. Nilikuacha bila kukuaga, na sikuwahi kuomba msamaha. Naomba sasa." Akakaa kimya. Nilimsikia anapumua tu. Wynelle alikuwa anamenya njegere, akamaliza bakuli zima. Nikajua bado ni yuleyule. Halafu akasema, "Redio."

Nikasema, "Nitairudisha."

Akasema, "Haya." Akakata.

Nilicheka hadi nikalia, kisha nikalia tu. Huenda ndiyo msamaha wote alionao, nami nimeupokea.

Marko hajabadilika. Nimemsoma kila upande. Nilikosa, Kitabu kimesema nilikosa, na simruhusu mtu akilainishe kwa ajili yangu. Lakini nimesoma pia yule mwanamke wa kisimani. Bwana alimwomba maji, akamwambia ukweli wote wa waume zake watano mbele ya uso wake, na hakumwambia arudi kwa wa kwanza. Nimetafuta mahali alipomwambia. Hapapo.

Nilimwandikia Delmas. Nilimwambia, kama mimi nina mlango, basi akatazame tena kama wale wanaume wanaotaka kuoana anaowasema kila Jumanne hawana, kwa kutumia miwani ileile. Kama wao hawana, afunge na wangu, nikae nje nao. Hajajibu. Jumanne siendi tena mpaka ajibu.

Kanisa langu sijaliacha. Bado naamini nilichoamini, ila sasa kinanikata na mimi, na nadhani ndivyo kilivyokusudiwa. Kwa hiyo usije ukanitangaza kituo cha zimamoto. Hukushinda.

Narudi Ijumaa Kuu kabla ya chakula cha mchana. Toa kuku jikoni, najua wamo.

Mkeo (kwa Marko tutaulizwa pamoja),
Mama Darla


Kibarazani
Ijumaa Kuu, 7 Aprili

Mpendwa mke wangu,

Salamu kutoka kibarazani kwenda jikoni. Nakusikia unavyofungua makabati na kuguna. Kuku aliingia mwenyewe, mimi sikumwalika.

Umerudi, umeninusa, umesema "kaoge," umeingia ndani. Nimeoga. Hatujasema la kanisa hata moja, nami nitashika sharti, kwa hiyo yaliyobaki naandika.

Redio nimeifunga kwenye boksi. Nitaipeleka Dothan mwenyewe. Nataka nimwone huyu bwana aliyekufanya umpigie simu kwa hiari, wakati mimi ukinipigia ni kuuliza kama nimezima jiko. Darla kaambiwa na Wynelle kwamba ulijipaka rangi ya midomo kabla ya kumpigia. Kwa simu, Mama Darla! Hilo tutaliandikiana barua ndefu. Pasaka nenda kwako, mimi kwangu. Nikitoka kituoni nitakaa kwenye gari nje ya kanisa lenu mpaka utoke, na Delmas anione.

Ukiona mistari imepanda mlima, usidhani nimekunywa. Jumatano Darla alinipeleka nikafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, mtoto wa jicho. Sikukuambia kwa sababu ungerudi kwa huruma, na mimi nilitaka urudi kwa Biblia. Natakiwa nitiwe dawa mara nne kwa siku. Nimejaribu mwenyewe, nimetia sikio, shati na mbwa.

Mwaka juzi ulipofanyiwa lako ni mimi niliyekutia, asubuhi hadi kulala, hata juma lile tulilokuwa hatusemezani kwa ajili ya kura. Nilikushika kidevu, nikatia, nikaondoka. Sikuwahi kudai.

Leo nadai. Nimekaa kwenye kiti, kichwa nyuma, chupa iko mkononi. Njoo unitie tone moja.

Mumeo,
Baba Darla