Mtoto wa Nne Kwenye Bango

Dada yangu mpendwa,

Hata kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na ukiimaliza usiifiche chini ya godoro. Ichane, kisha uichome. Usimsimulie hata yule shoga yako unayeishi naye, maana siri ikishapata mtu wa tatu huwa si siri tena, na riziki yangu yote imo ndani ya maneno haya.

Sasa nikusalimu. Hujambo, dada? Mgongo unaendeleaje, na kazi bado ni ya kusimama kutwa? Sisi huku hatujambo kiasi. Mama presha yake imetulia na anakusalimu sana, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Nimeona afadhali barua kuliko simu, kwa sababu simu ya Mama unaijua: bila kuiweka kwa sauti kubwa hasikii, na akiiweka, jirani ndiye anayejibu. Barua hii ataileta dereva wa lori, mume wa rafiki yako, na nimemwambia ni risiti za dawa za Mama.

Uliuliza kwa nini mwanao Kidoti hataki kuzungumza nawe. Mama akakwambia ana mafua. Dada, Kidoti hakuwa na mafua.

Kwamba alikosa nafasi ya shule ya vipaji kwa alama moja, hilo unalijua, na ulilia, ukanyamaza, ukasema si mwisho wa dunia, ataanza shule ya kutwa ya hapa mtaani. Na yeye alilia, akanyamaza. Siku ya pili alianza hata kututania, akisema ile alama moja iliyopotea huenda imo ndani ya kochi pamoja na miwani ya Mama. Tukadhani yamekwisha. Yaliyofuata hatukukwambia.

Yule mwalimu wake wa tuisheni, anayejiita Profesa, alikuwa na haraka ya kujitangaza. Kabla matokeo hayajatoka alikwishatundika bango mbele ya madarasa yake, pale juu ya duka la mabati. Picha yake mwenyewe katikati, na kando yake wanafunzi wanne aliokuwa na hakika nao, na maandishi makubwa: HAWA NDIO WATEULE WETU. Kidoti alikuwa wa nne. Matokeo yalipotoka, watatu walifaulu. Kesho yake asubuhi Profesa alipanda ngazi mwenyewe, mbele ya watu, akabandika karatasi nyeupe juu ya uso wa mwanao. Karatasi ilikuwa ndogo, dada. Ilifunika uso, ikaacha vile vikia viwili vya nywele alivyosukwa na Mama vikichomoza huku na huku. Nani asingemjua? Kufika jioni watoto wa mtaani walikwisha kumpa jina: Kibandiko.

Tangu siku hiyo akawa hatoki. Shule ya kutwa ikafunguliwa, yunifomu ikabaki msumarini. Kwenda shuleni lazima upite chini ya lile bango, na yeye alisema heri aitwe mjinga kuliko kupita pale. Mama akajikongoja hadi kwa Profesa kumwomba alishushe, au angalau akate kipande kile. Aliporudi aliketi jikoni bila kuvua viatu. Profesa alikuwa amemjibu mbele ya wazazi wengine: “Mama, mimi nauza waliofaulu. Mjukuu wako ananiharibia ukuta.”

Unanijua mimi, dada. Mimi ni mtu wa kuomba radhi kwa kiti nilichokigonga. Lakini maneno yale yaliniingia yakanikaa kama mwiba wa samaki kooni, simezi sitemi. Nilikuwa nikipiga mswaki nayafikiria. Nilikuwa nikimwandikia mteja risiti nayafikiria. Nikaanza kumwombea Profesa mambo ambayo mtu hawezi kuyataja mbele ya mama yake.

Ndipo Mungu akamleta mezani kwangu.

Unajua kazi yangu pale kwenye duka la kuchapa mabango. Napokea wateja, napanga picha na maneno kwenye kompyuta, mteja akikubali namkabidhi fundi wa mashine, tunayemwita Wino, naye anachapa. Profesa hanifahamu. Aliyekuwa akimpeleka Kidoti na kumlipia ni Mama. Aliketi akapandisha mguu juu ya mguu, akasema ile karatasi nyeupe imekuwa kama pengo mdomoni, wazazi wanauliza, na Jumamosi ana mkutano wa kuandikisha wanafunzi wapya. Anataka bango jipya, wanafunzi wanne. Nilimwuliza kwa adabu kama picha ya huyo wa nne anayo. Akacheka. Akasema nimtafutie humo humo kwenye kompyuta sura yoyote ya mtoto, nimvishe yunifomu. “Nani ataangalia, kijana? Watu wanahesabu vichwa.”

Bango likapangwa. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta alitazame, naye akatazama picha yake tu. Akaomba ikuzwe kidogo na kipara kipunguzwe mng’aro. Akasema safi, chapeni.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi viatu, kibanda chake kinatazamana na madarasa yale, nikampa kiatu changu ashone kisigino ambacho hakikuwa na ubaya wowote. Viti vilikuwa vimepangwa barabarani, wazazi wamevaa vizuri. Profesa akazungumza mpaka jasho likamtoka, kisha akavuta kamba, shuka likaanguka, watu wakapiga makofi.

Fundi viatu ndiye aliyeona kwanza. Alitazama bango, akageuka akatazama duka la dawa lililo upande wa pili, akalitazama tena bango. Kisha, uzi ukiwa mdomoni, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: “Profesa, huyo wa nne si yule mtoto wa minyoo?”

Dada, duka la dawa lina tangazo la dawa ya minyoo, la picha mbili. Ya kwanza mtoto ameshika tumbo analia. Ya pili amekwisha kunywa dawa, anacheka hadi gego la nyuma. Ni tangazo la muda mrefu, kila mtu mtaani analijua. Profesa dirisha lake analipa mgongo, na nadhani hajawahi kuona kitu kilichoko ng’ambo ya barabara. Sasa yule mtoto anayecheka alikuwa juu ya ukuta wa Profesa, kavaa tai, mteule wa shule ya vipaji.

Watu waligeuza shingo wote kwa pamoja. Mzazi mmoja akauliza mtoto huyo anaitwa nani na alisoma darasa gani. Profesa akasema kijana yule ana kipaji cha pekee. Mwenye duka la dawa akatoka akasema kipaji gani, huyo ni wa tangazo lake, aliyempiga picha ni yeye. Baba mmoja akasema basi tusipoteze fedha ya tuisheni, tununue chupa ya dawa, mtoto anywe afaulu. Walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha mama mmoja, ambaye hakucheka, akauliza yule msichana wa vikia alipelekwa wapi, na kama hawa watatu nao ni wa kweli. Profesa akainama kuliokota shuka. Wakaanza kuondoka na watoto wao. Vikabaki viti, na yeye, na kipara chake nilichokipunguza mng’aro.

Kicheko changu nilikiminya puani mpaka machozi yakanitoka. Sijawahi kuonja kitu kitamu vile. Nilirudi nyumbani nikamhadithia Kidoti, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu Profesa alikuja dukani amefura kama hamira. Bosi akamwuliza kwa upole: aliagiza sura ya nani? Ilibidi aondoke kama alivyokuja, ila mlangoni alisema atamjua aliyefanya hivi. Mwenye duka la dawa naye alikuja, na huyo ni mteja ambaye Bosi anamheshimu. Bosi akatuita mimi na Wino akasema, atakayebainika, siku hiyo hiyo aende zake. Wino akasema yeye huchapa anachopewa. Mimi nikasema picha zilichanganyika kwenye kompyuta.

Hazikuchanganyika, dada. Mimi ndiye. Tangazo la minyoo lilichapwa kwetu, picha zake ninazo, na kati ya sura zote nilizonazo niliichagua ile kwa makusudi, kwa raha, nikaifunga na tai. Hilo silijutii, na kwa Profesa sitaomba radhi hata kesho kiama.

Lakini lipo la pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Yule mtoto nilikuwa namjua. Mama yake anapiga deki kwenye duka la dawa, kisha huja kupiga deki kwetu. Mwanawe alipigwa picha ile kwa malipo ya chupa ya soda, siku ambayo mimi mwenyewe nilimshikia kioo achane nywele. Nilijua jina lake nilipokuwa nikimvalisha yunifomu. Nilijua, nikaendelea.

Juzi mama huyo alisimama mbele ya meza yangu, kitambaa cha deki mkononi, akasema mwanawe amekataa kwenda shule, kila anakopita wanamwita Mteule wa Minyoo. Bango lile bado lipo, Profesa amefunga milango na haonekani. Aliniomba tulishushe. Nikamjibu: “Mama, bango si letu tena, ni la mteja.” Nikasikia sauti yangu, dada, na ilikuwa sauti ya Profesa. Yule mama akashukuru, akainamia ndoo yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jioni nilimweleza Kidoti yote. Hakucheka. Akaniuliza huyo mvulana yuko shule gani. Nikamwambia ni hiyo hiyo ya kutwa, kidato hicho hicho. Asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa yunifomu kabla Mama hajaamka. Akasema: “Mjomba, nipeleke kwao. Nikipita mimi Kibandiko peke yangu watanicheka, na yeye watamcheka. Tukipita wawili hawatajua waanze na nani.”

Walipita, dada. Niliwafuata kwa mbali. Walipita katikati ya barabara, chini ya bango, mwanao ameinua uso juu kabisa. Leo wameenda tena.

Kidoti amenipa sharti: nimwambie yule mama ukweli kwa mdomo wangu. Nitamwambia kesho akiingia na ndoo, na kama atakwenda moja kwa moja kwa Bosi, ana haki.

Kwa hiyo usipige simu ya ofisini. Mpigie fundi viatu, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Usijitaje. Uliza kama kisigino changu kimepona. Akisema kimepona, bado nina kazi. Akisema kimeng’oka, nitafute nyumbani, na upige simu ya Mama siku yake ya hospitali, huiacha nyumbani, nitapokea mimi. Na ukija likizo usilete mkoba mmoja wa shule. Lete miwili.

Nisalimie wote unaoishi nao, bila kuwaambia salamu zimefikaje.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hadi juzi uliniita mwoga, na hukukosea.