Kinyoya Ndani ya Eda

Alhamisi, 3 Julai 2025

Hashim wangu,

Leo nimeshika raketi na kupiga kinyoya, mpira wangu wa manyoya, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nilikipiga ukutani, huku nyuma ya choo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua. Mamako alikuwa ndani akichambua mchele. Nikasikia sauti yake: nani huyo anatwanga saa hizi? Nikasema ni mimi, mavyaa. Unatwanga nini? Natwanga ukuta. Akasema, basi usiuangushe, mwanangu aliujenga kwa tabu.

Tukacheka, yeye ndani, mimi nje.

Zamani nilikuwa nakusimulia mchezo wangu tukirudi nyumbani, ingawa ulikuwepo na umeuona wote. Sasa nitakuandikia. Usinisahihishe.


Ijumaa, 4 Julai

Everlyn, mwenzangu wa uwanjani, amepiga simu. Mchujo wa Pwani utakuwa Jumamosi ya tarehe mbili Agosti, Galu, kwenye ukumbi wa hoteli yenu. Wanawake nafasi moja tu. Atakayeshinda ataingia kambi ya taifa. Atakayekosa, jina linatoka. Na klabu yangu ya Nairobi wameshasema — kwa upole, siwalaumu — kwamba hawawezi kumlipa mchezaji asiye kwenye timu ya taifa.

Eda yangu itaisha Septemba.

Nikamweleza Everlyn. Akasema, "Si ukuje tu, Suma? Ni game ya siku moja." Nikamwambia nimefiwa na mume, nakaa ndani. Akauliza kama siwezi kuomba ruhusa. Kwa nani? "Kwa HR yenu," akasema. Everlyn huyu! Nilicheka mpaka mamako akachungulia.

Alipokata simu sikucheka tena. Nina miaka thelathini na moja, Hashim. Kinyoya hakimngoji mtu wa umri huo.


Jumanne, 8 Julai

Wamekuja akina mama kunipa pole. Mmoja akauliza, je, utarudi kwenye kazi yako? Mwenzake akashtuka: kazi gani? Si ile ya kupiga manyoya! Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, mkono mdomoni.

Sikukasirika. Nimecheza Kampala, nimecheza Gaborone, nimecheza Morisi, na kila nikirudi Msambweni naulizwa kama nimeshapata kazi. Wewe ulikuwa na jibu lako. Mke wangu huvuka mpaka kwenda kupigana na watu kwa kuku, na hulipwa!

Leo nimekumbuka siku ya kwanza. Mimi nilikuwa dobi pale hotelini, wewe mtu wa michezo ya wageni. Mama mmoja wa Kijerumani alikosa mwenzake wa kucheza, ukaniita kutoka kwenye mashuka. Nikavua viatu. Ukanisogelea ukaninong'oneza: usimshinde mgeni. Ukachelewa kuniambia. Nilikuwa nimeshamshinda.


Jumapili, 13 Julai

Everlyn amekuja kutoka Ukunda na raketi mbili. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, hizo ni za kukaangia nini?" Ndivyo walivyoanza.

Tumeshusha nguo kwenye kamba, tukaacha kanga mbili ziwe wavu. Ua ni dogo, hatukuweza kupiga kwa nguvu, tulifanya mipira mifupi ya karibu na wavu tu. Mamako alikaa kwenye mkeka akajifanya refa. Hesabu yake: pointi ni ya yule aliyekiokota! Nikamwambia mavyaa, ni kinyume. Akasema, mtu anayefanya kazi ya kuinama na kuokota hapewi kitu? Huo mchezo wenu una dhuluma.

Everlyn akashindwa kwa kuinama mara chache. Alihuzunika kweli.

Baadaye nilijipaka dawa ya misuli begani. Mamako akaja mbio, akininusa kama paka. Manukato hayo! Uko kwenye eda! Nikampa kichupa. Akanusa tena kwa karibu, machozi yakamtoka. Akasema, hapana, hayo si manukato. Hakuna mwanamume atakayekufuata na hayo.


Jumatano, 16 Julai

Kinyoya kimoja kimevunjika. Mamako amekitia manyoya ya jogoo wake, mekundu. Nilipokipiga kilikwenda upande, kikazunguka, kikarudi kwake. Anasema kinajua kwao.


Jumapili, 20 Julai

Nimemwambia.

Nilingoja tuwe tunakuna nazi, mikono ikiwa na kazi. Nikamwambia kuhusu Galu, kuhusu nafasi moja, kuhusu klabu. Hakuinua macho. Akasema, mke wa mwanangu atoke ndani ya eda akaruke ruke hotelini, mbele za watu? Nikasema nitavaa vizuri. Akasema, si nguo, Sumaiya. Ni mwanangu.

Ni mwanawe. Mimi nilikuwa naye miaka kumi na miwili. Yeye alikuwa naye yote.

Leo hatukutaniana. Nyumba ilikuwa kubwa sana.


Jumanne, 22 Julai

Asubuhi, nikimwagia kuku maji, mamako akauliza kutoka mlangoni, kana kwamba anauliza bei ya vitunguu: ukicheza, yeye alikuwa akifanya nini huko?

Nikamwambia. Unakaa kwenye kiti nyuma yangu, unakula njugu. Seti ikiisha nakuja kwako nikihema, nangoja mashauri makubwa. Unanipa maji. Unasema neno moja: taratibu.

Hilo tu?

Hilo tu. Mara nyingine unanipa na njugu.

Mamako akaketi kizingitini. Taratibu! Mtoto aliyevunja mlango huu akikimbilia chakula! Mtoto aliyezaliwa mkunga hajafika! Yeye ndiye aliyewafundisha watu taratibu?

Alicheka sana, Hashim. Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akataka nimwambie zaidi. Nikamweleza ulivyolala Gaborone katikati ya mchezo wangu na refa akakuamsha. Ulivyokuwa unazifunga nyuzi za raketi yangu huku ukiimba vibaya. Hayo hakuwa akiyajua. Kumbe nilikuwa na vitu vyake siku zote na sijampa.

Jioni akasema, nitamwita Ustadh Seifu. Sisemi ndiyo. Nasema nitamwita.


Alhamisi, 24 Julai

Ustadh amekuja baada ya Alasiri. Alikaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia. Mamako ndiye aliyesema.

Ustadh akaeleza polepole. Mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja yake, na kwa riziki yake ikiwa hana mwingine wa kumtafutia. Usiku alale nyumbani kwake. Lakini, akasema, hii si riziki, Bi Asiya. Huu ni mchezo.

Nikafumba macho nyuma ya pazia. Basi, limekwisha.

Mamako akauliza, "Ustadh, hapo ulipokaa, juu yako pana nini?"

"Bati."

"Bati za nani?"

"Za marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Marehemu alijenga ukuta. Bati zimeletwa na kuku."

Ustadh akawa haelewi. Kuku gani? Ikabidi mamako aniite nilete kinyoya. Nikakipitisha chini ya pazia. Nilimsikia Ustadh akikigeuza geuza mikononi, akiuliza taratibu kama hiki hasa ndicho kilichonunua bati. Mamako akasema hiki na ndugu zake. Na dawa zangu za sukari pia, Ustadh, usisahau hizo.

Kisha Ustadh akacheka — yule mzee huwa hacheki! — akasema kama ni hivyo, basi ni riziki. Atoke mchana. Bila mapambo, bila manukato. Awe na mtu wake. Na usiku usimkute huko, alale kwake.

Mamako akasema, mtu wake ni mimi.


Ijumaa, 1 Agosti

Naogopa. Si mchezo. Naogopa kugeuka baada ya seti na kuona ukuta.

Mamako amepiga pasi suruali yangu nyeusi na fulana nyeupe ya mikono mirefu. Amepika vitumbua vya safari, kana kwamba tunakwenda Lamu. Gari tumeagiza litungoje nje kutwa nzima, jioni liturudishe.


Jumamosi, 2 Agosti

Galu. Naandika hapa ukumbini, mchezo umesimama. Nitaeleza upesi.

Tulifika mapema. Wafanyakazi wenzako wa zamani wote walikuja kunipa mkono wa pole, mpishi, walinzi, hata meneja. Nilidhani nitalia. Mamako akawaambia mwacheni, mkono wake una kazi.

Mchezo wa kwanza nilimshinda msichana wa Kilifi. Nilipomaliza seti nikageuka kama nilivyozoea. Hapakuwa na ukuta. Alikuwa mamako, amekaa wima, mkoba mapajani, ananitazama kwa ukali. Nikangoja. Akasema: "Umekonda." Akanipa kitumbua. Hayo ndiyo mashauri yake yote! Nikarudi uwanjani nikitafuna, Japheth akanikemea. Japheth ndiye refa mkuu, mtu wa bara, anakwenda na saa yake kama askari.

Mchezo wa pili nikashinda tena. Fainali: mimi na Everlyn. Ilikuwa iwe saa nane.

Saa nane kasoro stima ikapotea.

Ukumbi huu wa madirisha yasiyo na vioo huchezewa mapazia yakiwa yamefungwa, kwa sababu ya upepo. Bila taa ni giza. Japheth akasema tungoje. Tukangoja. Saa tisa. Saa kumi. Mamako akamwendea: baba, huyu mwanangu ana eda, ni lazima alale kwake leo. Japheth akasema pole mama, hiyo Eda ni timu ya wapi? Mamako akamweleza mwanzo mpaka mwisho, hukumu zote, mpaka na bati. Yule maskini akavua kofia. Lakini akasema bila taa hawezi, isipokuwa mapazia yafunguliwe, na hilo mpaka wachezaji wote wawili wakubali. Kukiwa na upepo mtu anaweza kulalamika baadaye.

Sote tulimtazama Everlyn.

Everlyn hajui upepo. Amejifunzia ukumbini Nairobi. Mimi nimezaliwa Mkwiro, nimekua na upepo pande zote. Akikubali, ananipa mimi. Akikataa, kuna kungoja tu, na nitaondoka, na nafasi ni yake bila kutoka jasho. Ana mama mgonjwa na ada za wadogo zake. Nisingemlaumu. Kweli, nisingemlaumu.

Akanitazama sana. Kisha akasema, "Fungueni curtains. Na usidhani nakuhurumia, Suma. Nataka nikushinde nikikuona."

Wakafungua. Upepo wa kusi ukaingia wote. Kinyoya kikawa kinakwenda kinapotaka. Ajabu, seti ya kwanza alinishinda yeye! Alikuwa anapiga chini chini, karibu na wavu, kama uani kwetu. Nikageuka, mamako akasema hiyo nimemfundisha mimi, nisamehe. Ya pili nikaanza kuupa upepo kinyoya unipelekee. Nikashinda mimi, ishirini na moja kwa kumi na tisa.

Moja moja. Na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa wakaingia watu wa harusi. Kuna harusi hapa leo usiku! Wamekuja na viti viwili vya dhahabu vya maharusi, wamevitua katikati ya uwanja wetu, juu ya mstari. Wanasema ukumbi ni wao tangu saa kumi na moja. Japheth anawaonyesha saa yake, wao wanamwonyesha karatasi zao. Everlyn amekaa kwenye kiti kimoja cha dhahabu anafunga kamba za viatu. Amenionyesha kile kingine. Nikamwambia mimi ni mjane, nitapigwa.

Jua limeshuka. Linaingia kwa madirisha ya upande wa barabara, limefika kwenye mguu wa wavu. Kutoka hapa mpaka Msambweni ni mwendo. Nikienda sasa hivi, nitafika na mwanga. Seti ya tatu ikiwa ndefu, sitafika. Ustadh alisema usiku usinikute huku. Yeye hakuzifahamu harusi za Galu.

Nimemwendea mamako. Nikamwambia mavyaa, twende. Nafasi nimeiacha. Nilikuwa nimeshaanza kutia raketi mkobani.

Akaniuliza, umechoka?

Hapana.

Umeumia?

Hapana.

Akautoa mkoba mkononi mwangu. Akasema, kazi ya kutazama jua ni yangu mimi, ndiyo iliyonileta. Wewe tazama kinyoya chako. Likifika pa kufika, nitakwita.

Kisha amekwenda kwa watu wa harusi. Sijui amewaambia nini, lakini viti vinanyanyuliwa. Mmoja anamwamkia. Mwingine ana kitumbua. Sasa amerudi, amesimama nyuma ya mstari wangu, kanga ameifunga kiunoni. Madirisha yote yenye jua yako nyuma yake. Ameyapa mgongo. Hajageuka hata mara moja.

Japheth ananiita. Everlyn ameshasimama, anapuliza viganja.

Ninakwenda, Hashim. Unikumbuke.