Figo Yako Haina Kosa

Dodoma

Dada yangu Otilia,

Shikamoo. Mama ameamkaje, miguu imepungua kuvimba? Na wewe, lile kovu la ubavuni bado linakuwasha ukiinama kupalilia mpunga? Mimi ningependa kusema ni mzima, lakini siwezi.

Nilikudanganya kwenye simu, dada. Sikuwa na mafua. Nimevunjika mfupa wa mgongo. Usipige yowe, natembea. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungelia na Mama angekunyang'anya hiyo simu.

Ni siku ile ya mchele ulionitumia. Daktari alishanionya tangu uliponipa figo yako: dawa zinazouzuia mwili usiikatae zinadhoofisha mifupa, nisibebe kitu kizito. Pale stendi nikawa namtafuta mpagazi. Kumbe kondakta ni mtu wa Sanje, watani wetu wa jirani na kwetu, akaanza: "Mwana Ifakara gani wewe, mchele wa kwenu unabebewa?" Watu wakacheka. Na ubishi wangu unaujua! Nikainama, nikalitupia gunia begani. Mgongo ukalia kah! Nikakaa chini palepale, juu ya mchele wako.

Picha imeonyesha pingili moja imebonyea. Nikamwambia daktari, basi niache hivi vidonge, si vinanila mifupa? Akanijibu:

"Ukiviacha, tunaipoteza figo ya dada yako."

Jamani, aibu niliyoisikia! Wewe ulipasuliwa ukiwa mzima, leo uko kwenye majaruba ya mpunga huko Kivukoni na figo moja, halafu mimi nataka kuitupa hiyo nyingine kwa sababu ya mgongo niliouvunja mwenyewe kwa kuogopa kuchekwa stendi. Kila nikiupika ule mchele, naisukuma sahani kando.

Vidonge nameza. Ameniongezea dawa ya mifupa, na asubuhi natembea polepole, nimefungwa mkanda kiunoni, nimenyooka kama mzee wa kanisa.

Shemeji msalimie sana, yeye aliyekubali mkewe apasuliwe kwa ajili yangu. Wapwa zangu waambie mjomba anakula dagaa na vichwa vyake, mifupa ikaze. Mama utamweleza wewe, unajua namna. Na najua utaanza kujilaumu kwa kutuma mchele. Acha, dada. Mkivuna tuma tena, ila ugawe kwenye vifuko vidogo. Huyo wa Sanje acheke mpaka achoke.

Daktari amepima na figo, iko vizuri. Kilichovunjika ni changu, dada. Chako ni kizima.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Kasiani