Hali ya Kaskazini kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Kituo cha polisi kaskazini kimechomwa moto jana. Bosi kaniita: andika taarifa ya redio, haraka. Nikaandika "waasi". Akakata. "Watu wenye silaha". Akakata! Tukaishia "vijana watukutu". Miaka ishirini na miwili afisa habari wa serikali, na leo nimeigeuza bunduki ya rashasha kuwa manati.

Jumatano, 6 Machi
Daraja limelipuliwa. Kamati ya usalama imekaa saa tano nzima, ikazaa kamati ndogo. Biskuti zimeisha. Watukutu wamepandishwa cheo: sasa ni "wahalifu wachache". Mke wangu hana mbavu — wakifika elfu utawaitaje, baba? Wachache wengi?

Jumamosi, 9 Machi
Nimempigia Dada, mkunga wa zahanati huko huko kaskazini. Nikamwambia afungashe, aje kwetu. Akacheka! Eti ameisikia taarifa redioni, akajua ni mkono wangu — nani mwingine anatia "aidha" nne kwenye aya moja? Na mdogo wake hawezi kumdanganya. Kwa hiyo habanduki, ana wajawazito watatu wa wiki hii.
Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniamini nyumbani, hata nikisema mvua inanyesha. Na siku ya kuaminiwa ndiyo hii.

Jumatatu, 11 Machi
Simu za kaskazini zimezimwa, ili waasi — samahani, wahalifu wachache — wasiwasiliane. Nimeandika "matengenezo ya kawaida ya mitambo". Dada hapatikani. Nimejikomoa mwenyewe, tena kwa lugha fasaha.

Alhamisi, 14 Machi
Dereva wa ofisi, tunamwita Breki, kaninong'oneza kwenye korido. Kesho alfajiri anatumwa kaskazini na gari la serikali. Kumleta mama mkwe wa Bosi! Bosi yule yule wa "hali ni shwari".
Nimempa Breki kikaratasi ampelekee Dada zahanati: "Panda gari hili. Redio ni mimi, na mimi ni mwongo." Hakuna aidha hata moja.

Ijumaa, 15 Machi
Breki alitakiwa awe amerudi saa nane. Sasa ni saa kumi kasorobo. Bosi kaja ofisini kwangu, mara ya kwanza tangu niajiriwe — dirisha langu ndilo linaloona geti. Nimekiri kwake: huenda dada yangu yumo kwenye gari lako, mkuu. Nilijiandaa kufokewa. Akaniuliza tu kama dada mwenyewe ni mtu wa kusumbuliwa na safari, maana mama mkwe wake hutapika.
Kisha, bila kugeuka: andika kwamba barabara ya kaskazini iko wazi.
Nimeandika "Barabara ya kaskazini". Nimekwama hapo, naandika haya pembeni ili nionekane nina shughuli. Bosi wala hanihimizi.
Geti limefunguliwa! — Tarishi na pikipiki yake. Limefungwa tena.
Bosi kavuta kiti, kakaa. Kaniuliza nimefika wapi. Nikamsomea maneno matatu. Akasema, "Acha kwanza hapo hapo."